Swali Moja kwa Siku: Mhadhara juu ya Chemsha Bongo baina ya Marafiki

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wangu mlioketi safu za mbele, walimu wenzangu, mabibi na mabwana, na ninyi vijana mliosimama milangoni kwa kukosa viti: jioni hii nitasema juu ya jambo ambalo wengi wetu hulifanya kila siku bila ya kulipa heshima ya kulifikiri. Waandaaji waliponipa ruhusa ya kuchagua mada mwenyewe, nilizipima mada mbili tatu zenye sura ya utukufu, nikaziweka kando, nikachagua chemsha bongo. Nayo ni ile ya maarifa ya jumla inayopelekwa kwa simu baina ya marafiki, swali moja au maswali machache kwa siku, yakajibiwa, yakasahihishwa, yakajadiliwa, na kesho yake yakaja mengine.

Madhumuni yangu jioni hii ni kuonyesha kwamba desturi hii, ambayo ni changa kwa chombo chake na kongwe kwa asili yake, ni mojawapo ya njia chache ambazo kwazo watu wazima waliokwisha kuondoka shuleni huendelea kufundishana kwa hiari yao. Na kwamba thamani yake yote inasimama juu ya uaminifu wa mtu mmoja, naye ni yule anayelitunga swali. Nitaleta hoja tano. Baadhi yake nitazipitia upesi, na nyingine nitakaa nazo, kwa kuwa mambo yenyewe hayalingani uzito.

Kwa faida ya wazee ambao simu zao ni za kupiga na kupokea tu, nieleze kwanza jambo lilivyo. Watu kumi, ishirini, hata hamsini, aghalabu waliosoma pamoja au waliokulia mtaa mmoja, hujiunga katika kundi la WhatsApp au Telegram, na mmoja wao, ama kwa kuchaguliwa ama kwa kujitolea, hushika zamu ya kuuliza. Saa iliyokubaliwa ikifika, tuseme saa tatu ya usiku baada ya sala ya Isha, hulileta swali lake hadharani: ziwa gani lina kina kirefu kuliko yote Afrika, na ni nchi zipi zinazopakana nalo? Kila mwenye jibu humpelekea mwulizaji faraghani, ili jibu la mmoja lisizibe fikira za mwingine. Na siku ya pili, saa ile ile, mwulizaji hutangaza kuwa ziwa hilo ni Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470 hivi, la pili duniani baada ya Baikal la Urusi, na kwamba Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia zote zina sehemu yake. Kisha huwataja waliopata, akaandika alama zao, akauliza jingine. Katika Telegram kazi ya kuyaficha na kuyafichua majibu yaweza kufanywa na chombo chenyewe, kwa kuwa tangu Januari 2020 mtandao huo una namna ya kura iliyotengenezwa makusudi kwa chemsha bongo, ambayo humjulisha mjibuji papo hapo kama amepata au amekosa. Ada haipo, na zawadi ni jina kutajwa mbele ya wenzio.

Hoja yangu ya kwanza ni kuwa jambo hili halikutujia kutoka nje. Simu ni ya wageni, lakini kuulizana kwa ajili ya kukuza akili ni kwetu. Kila mmoja aliyemo humu, kama alilelewa na bibi au na shangazi mwenye subira, anaijua ile taratibu ya usiku: mtegaji hupaza sauti, "Kitendawili!", na waliomzunguka huitika, "Tega!", naye akatega, wakahangaika, na aliyeshindwa hakuachiwa hivi hivi, bali alitakiwa atoe mji. Akatoa Mombasa, au Kilwa, au Bagamoyo, na mtegaji akaupokea mji ule kwa fahari, akasimulia safari yake ya kwenda huko na karamu aliyofanyiwa, ndipo akafumbua. Naomba mlitazame jambo hili kwa makini. Mtoto wa Makunduchi ambaye hajapata kuvuka mkondo wa bahari alikuwa amekwisha kuitoa na kuipokea miji ya mwambao mzima, akiyajua majina yake kwa kushindwa kwake mwenyewe. Na kushindwa hakukuwa aibu ya kumnyamazisha, kulikuwa zamu ya mchezo, kwa sababu aliyetoa mji leo atapokea mji kesho.

Wakubwa nao walikuwa na yao. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alijibizana kwa mashairi na washairi wa zama zake, na sehemu ya sifa yake imesimama juu ya majibizano hayo. Na gazeti la kila mwezi la Mambo Leo, lililoanza kutolewa Tanganyika mwaka 1923, lilifungua kurasa zake kwa washairi, nao wakaulizana na kujibizana kwa njia ya posta, hata swali lililotungwa katika mji mmoja likangojewa jibu lake na wasomaji wa nchi nzima. Rafiki zetu wanaongoja saa tatu ya usiku wamerithi ngojeo lile, ila kwamba mwezi umefupishwa ukawa siku.

Hoja ya pili inahusu kadiri. Watu wengi hudhani kuwa kama swali moja lina faida, basi maswali mia yana faida mara mia; na hapo ndipo makundi mengi yanapoharibika, kwa kuwa mwenye ghera huleta maswali thelathini kwa siku ya kwanza, ishirini siku ya pili, na wiki haijaisha wenzake wamezima milio ya simu zao. Kisa kimoja cha miaka ya karibuni kinaeleza kanuni hii waziwazi. Mwezi wa Oktoba 2021 mtu mmoja mzaliwa wa Wales, Josh Wardle, aliyekuwa akikaa Brooklyn katika mji wa New York, aliwafungulia watu mchezo aliokuwa ameutunga kwa ajili ya kucheza na mwenzi wake, akauita Wordle: neno la herufi tano, nafasi sita za kulibahatisha, neno moja tu kwa siku, na neno lile lile kwa dunia nzima. Tarehe 1 Novemba walicheza watu 90. Tarehe 2 Januari 2022 walizidi 300,000, na kabla ya mwezi huo kwisha gazeti la New York Times lilikuwa limeununua.

Mchezo ule ulikuwa wa maneno, haukuwa wa maarifa ya jumla, lakini mambo mawili yaliyoupa nguvu ni yale yale yanayoipa nguvu chemsha bongo ya marafiki. Kwanza, mchezaji aliyemaliza la leo alilazimika kungoja la kesho, kwa hiyo shauku yake haikuchakaa. Pili, Wardle aliwawezesha wachezaji kuonyesha matokeo yao kwa vijisanduku vya rangi, ambavyo viliwajulisha marafiki namna mtu alivyohangaika bila ya kuwafichulia neno lenyewe. Na watu waliposhiriki taabu moja, siku moja, wakapata la kuzungumza.

Kinyume chake tunakiona katika mchezo wa HQ Trivia, ulioanza Marekani mwaka 2017, ambao uliwaita watu kwa saa maalumu wajibu maswali ya maarifa ya jumla mbele ya mtangazaji, na walioyapata yote wakagawana fedha. Mwaka 2018 umati wake ulizidi watu milioni mbili kwa mkupuo mmoja. Februari 2020 wenye kampuni wakatangaza kuufunga. Sidai kuwa fedha peke yake ndiyo iliyouangusha, kwa kuwa biashara huanguka kwa sababu nyingi. Nasema tu kwamba milioni mbili wasiojuana, wakikosa tuzo, hawana cha kubakia nacho. Lakini watu ishirini waliosoma darasa moja, ambao mmoja yuko Maskati, mwingine Birmingham, mwingine Toronto ambako saa tatu yetu ya usiku huwa bado ni mchana, hao wakikosa jibu wanabaki na wenzao. Nawajua watu wazima ambao hawakusemezana kwa miaka mingi, na leo husemezana kila usiku kwa sababu ya swali. Jambo hilo pekee lingetosha kuniridhisha.

Nakuja katika hoja ya tatu, nayo ni ya hifadhi. Mwaka 1885 mtaalamu wa Ujerumani, Hermann Ebbinghaus, alichapisha kitabu juu ya kumbukumbu baada ya kujitahini mwenyewe kwa muda mrefu: alijifunza silabi zisizo na maana, akazipima tena baada ya dakika, saa na siku, akaona kuwa sehemu kubwa ya tulichojifunza hutoweka mapema kabisa, kisha upotevu hupungua kasi. Hilo kila mwalimu alilijua kwa uchungu kabla hajalisoma. Lakini mwaka 2006 wataalamu wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walitoa ithibati ya jambo ambalo si dhahiri. Waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu vifungu vifupi vya kusoma, kimoja juu ya jua na kimoja juu ya fisi-maji wa baharini. Baadhi ya vifungu vikasomwa mara mbili, na vingine vikasomwa mara moja, kisha mwanafunzi akatakiwa akumbuke kwa kuandika yale aliyoyasoma, bila ya kurudi kitabuni. Walipopimwa baada ya dakika tano, kusoma mara mbili kulishinda. Walipopimwa baada ya wiki moja, mambo yaligeuka: vifungu vilivyosomwa mara mbili vilikumbukwa kwa asilimia 42, na vile vilivyosomwa mara moja na kukumbukwa mara moja vilifika asilimia 56.

Walimu wenzangu, nawaomba mlichukue jambo hili mwende nalo darasani. Kule kutafuta ndani ya kichwa, kule kusema "nalijua, nalijua, ngojeni kidogo," ambako wengi hukuona kuwa ni udhaifu, ndiko kunakolikaza jambo lisichopoke. Mtu aliyeulizwa jana Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 katika mji gani, akahangaika nusu siku, akaitaja Edinburgh, akaambiwa ni Christchurch, New Zealand, tarehe 2 Februari 1974, hatausahau tena mji ule, wala hatausahau muda wake wa dakika 3 na sekunde 32.2, na huenda angelisoma jambo hilo gazetini mara tatu likampita. Kukosa kwake kumemfaa kuliko kusoma kwake. Ndiyo maana nawashauri wenye makundi wasifichue jibu upesi, na wasimdhihaki aliyekosea, kwa kuwa aliyekosea ndiye atakayeondoka na fungu kubwa.

Hoja ya nne ndiyo nipendayo kuliko zote, nanyi mtanivumilia nikikaa nayo. Nasema kwamba swali jema ni lile ambalo jibu lake hufungua jambo kubwa kuliko lenyewe, na mwulizaji anayestahili jina hilo hulitunga swali kwa ajili ya kile kilicho nyuma ya jibu.

Sisi wa mji huu wa Unguja tuna swali ambalo ulimwengu mzima huulizana juu yetu. Katika vitabu vya chemsha bongo vya Uingereza, Marekani na kwingineko limo swali hili: vita vifupi kuliko vyote katika historia vilipiganwa baina ya nani na nani, na vilidumu kwa muda gani? Jibu ni vita vya Uingereza na Usultani wa Zanzibar, tarehe 27 Agosti 1896, dakika 38 hivi, na wako wanaohesabu 40 au 45. Watu hulisoma jibu, hushangaa, pengine hucheka, wakafungua ukurasa wa pili. Na mimi nauliza: je, aliyejibu "dakika 38" amejua nini?

Sayyid Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25 Agosti, na siku ile ile Sayyid Khalid bin Barghash akaingia katika jumba la mfalme, akajitangaza bila ya ridhaa ya Waingereza, ambao kwa himaya waliyoiweka mwaka 1890 waliona kuwa hapaketi mtu katika kiti kile pasipo idhini yao. Manowari zao zikapangwa mbele ya mji, hapo hapo baharini ambapo sisi hukaa jioni kupunga upepo Forodhani. Onyo lilitolewa kwamba ikifika saa tatu ya asubuhi ya tarehe 27 bendera iwe imeshushwa, haikushushwa, na baada ya dakika chache mizinga ikaanza. Majumba ya kifalme yalibomolewa, merikebu ya Sultani iliyoitwa Glasgow ikazamishwa bandarini, na kwa upande wa watu wa Unguja waliouawa na kujeruhiwa walikadiriwa kufika mia tano, hali kwa upande wa pili alijeruhiwa baharia mmoja. Sayyid Khalid akakimbilia katika ubalozi wa Wajerumani, nao baadaye wakamvusha Dar es Salaam. Waingereza walimpata mwaka 1916 katika vita vya kwanza vya dunia, wakampeleka uhamishoni. Akaja kufariki Mombasa mwaka 1927. Kiti alipewa Sayyid Hamoud bin Mohammed, na mwaka uliofuata, 1897, ikatoka amri ya kuiondolea hali ya utumwa nguvu ya sheria.

Mnaona, basi, ni mambo mangapi yaliyofungwa ndani ya dakika 38: urithi wa ufalme, himaya, mashindano ya Waingereza na Wajerumani katika pwani yetu, vifo na majeraha ya watu mia kadhaa ambao majina yao hayakuandikwa katika vitabu vya chemsha bongo, na mwanzo wa mwisho wa utumwa. Mwulizaji wa kwetu asilitunge swali hili kama walitungavyo walio mbali. Aulize: mtu aliyeshindwa katika vita vile alifia nchi gani, na kwa nini huko? Hapo mjibuji atalazimika kuifuata njia nzima, kutoka Unguja hadi Dar es Salaam, kutoka huko hadi uhamishoni, na kutoka uhamishoni hadi Mombasa, na akifika mwisho atakuwa amesoma miaka zaidi ya thelathini ya historia.

Kadhalika nililiona swali lililoletwa katika kundi moja na mtu wa Lubumbashi, mzungumzaji wa Kiswahili kile cha Katanga chenye ladha yake, naye aliuliza: sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilichimbwa wapi? Wakajibu Marekani, wakajibu Kanada, mmoja akasema Urusi. Naye akawajulisha kuwa ilitoka Shinkolobwe, mgodi wa Katanga, eneo la kwao. Usiku ule hapakulaliwa mapema katika kundi lile, na hapakuzungumzwa jambo jingine ila madini ya Kongo, nani aliyachimba, nani aliyauza, na nani alipata nini. Swali hilo lisingeweza kutungwa na mtu asiye wa huko, au angalau lisingeulizwa kwa uzito ule. Na hii ndiyo faida ya kundi lenye watu wa nchi mbalimbali wanaosema lugha moja, kwamba kila mmoja huwaletea wenzake mlango wa nyumbani kwake.

Na niongeze dogo. Watu hupenda kuuliza: mwandishi gani mzaliwa wa Unguja alipata Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2021? Kila mtu humtaja Abdulrazak Gurnah, na kila mtu hupata alama yake. Ulizeni sasa riwaya yake Paradise, iliyotoka mwaka 1994, ilifasiriwa kwa Kiswahili kwa jina gani, na na nani. Jibu ni Peponi, na mfasiri ni Ida Hadjivayanis. Mtu akilitafuta jibu hilo, pengine atakipata na kitabu chenyewe.

Sasa hoja ya tano, ambayo ni ya amana. Mwulizaji, mabibi na mabwana, hukaa katika kiti cha kadhi kwa muda wa siku nzima: yeye ndiye anayeamua nani kapata na nani kakosa, na wenzake humwamini. Akilichukua swali na jibu lake mahali popote alipoliona, akalipeleka bila ya kulihakiki, atawafundisha watu ishirini uongo, na ishirini hao wataupeleka kwa wengine kwa jina lake. Kwa hiyo yampasa awe na mizani.

Chukueni swali ambalo huonekana jepesi: Afrika ina nchi ngapi? Anayesema 54 amehesabu wanachama wa Umoja wa Mataifa, na kwa hesabu hiyo amepata, Sudan Kusini iliyojitawala tarehe 9 Julai 2011 ikiwa ya mwisho kuingia. Anayesema 55 amehesabu wanachama wa Umoja wa Afrika, ambao unaikubali Jamhuri ya Kiarabu ya Sahara, naye kwa hesabu hiyo amepata. Mwulizaji asiyetaja ni hesabu ipi anayoitaka atamdhulumu mmoja wao, na dhuluma ndogo ya aina hii, ikirudiwa, huua kundi upesi kuliko uchovu.

Au chukueni hili: nani alikimbia marathoni chini ya saa mbili? Eliud Kipchoge alikimbia umbali ule kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 katika mji wa Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, na dunia ilimwona. Lakini haikuandikwa kuwa rekodi, kwa sababu hayakuwa mashindano yaliyo wazi kwa wengine, na waongoza kasi walikuwa wakibadilishana njiani. Na rekodi iliyothibitishwa baadaye ya Kelvin Kiptum, ya Chicago tarehe 8 Oktoba 2023, ilikuwa saa 2 na sekunde 35. Neno "rekodi" likiwamo katika swali, jibu ni moja. Likiwa halimo, ni jingine. Nimeshuhudia marafiki wa tangu utoto wakinuniana juu ya swali hili kwa sababu ya neno moja ambalo mtunzi hakulitia.

Tena kuna majibu yanayozeeka. Waliosoma zamani walifunzwa kuwa makao makuu ya Burundi ni Usumbura. Baada ya uhuru wa 1962 mji ukaitwa Bujumbura. Na tangu 2019 mji mkuu wa kisiasa ni Gitega, Bujumbura ikibaki kuwa mji wa biashara. Waliosoma kabla ya Agosti 2006 walihesabu sayari tisa, mpaka wanajimu walipokutana Prague wakaiondoa Pluto katika safu ya sayari kuu. Mzee anayejibu kama alivyofunzwa hakusema uongo, alisema kweli ya zama zake, na mwulizaji mwenye murua atamweleza mabadiliko kwa heshima, tena mbele ya wote, ili vijana nao wajue kuwa elimu ina tarehe.

Hapo najua kijana mmoja huko nyuma anataka kuniuliza: ya nini taabu yote hii, maadamu jibu la kila swali limo mfukoni, na akili mnemba zinaweza kutunga maswali elfu kwa dakika moja na kuyajibu? Swali lako ni la haki, nami nitalijibu kwa ufupi. Chombo hicho hujibu kilichoulizwa, na asiyejua kitu hajui hata la kukiuliza. Yule ambaye jina la Shinkolobwe halijapata kumpitia sikioni hataliandika kamwe. Aidha, chombo hicho mara nyingine hutoa uongo kwa sauti ile ile kinayotolea kweli, na wa kuutambua ni mtu mwenye akiba ya maarifa kichwani mwake. Ama kuchungulia kwa ajili ya kupata alama, huko ni kuwadanganya marafiki kwa kitu kisicho na bei, na sioni la kuongeza. Nakubali kuchungulia baada ya jibu, tena nakuhimiza, kwa kuwa huko ndiko kuhakiki, na mwulizaji anayesahihishwa kwa ushahidi hana budi kushukuru.

Mwenyekiti ananionyesha saa yake, nami nisizidishe haki yangu. Niseme machache juu ya mbele tunakokwenda.

Makundi mengi ya Waswahili leo huulizana kwa maswali yaliyotolewa katika vitabu na mitandao ya Kiingereza, yakafasiriwa haraka, na kwa hiyo vijana wetu huwajua marais wa Marekani kwa mpango wao na hawajui ni nani aliyeanza kuijenga Ngome ya Yesu Mombasa mwaka 1593, wala ni mwaka gani Ibn Battuta alifika Kilwa. Siyakatazi ya mbali; mwenye kujua Baikal amejua kitu. Lakini tuna wajibu wa kutunga yetu, kwa lugha yetu, kutokana na bahari, misikiti na makanisa, mashamba, reli, magazeti na mashairi yetu. Na kazi hiyo hakuna atakayetufanyia. Tarehe 7 Julai, ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, ingekuwa siku njema kwa kila kundi kuuliza maswali yaliyotungwa na wanakundi wenyewe, na kuyapeleka kwa makundi ya nchi nyingine zinazosema Kiswahili.

Kwa hiyo nina maombi manne. Wenye makundi, fanyeni zamu, kila mtu atunge kwa wiki yake, na asipewe zamu mtu mmoja milele hata akiwa hodari kuliko wote. Watunzi, kila swali mliandike katika daftari pamoja na mahali mlikolipata jibu lake, ili anayewapinga aweze kuliona. Walimu, wapeni wanafunzi kazi ya kutunga maswali, si ya kuyajibu tu, kwa kuwa asiyeweza kuuliza juu ya somo bado hajalielewa. Na wazee wangu wa safu za mbele, ambao mmeyaona mambo ambayo hayamo katika kitabu chochote: jiungeni. Kama simu zenu ni za kupiga na kupokea tu, wapigieni wajukuu, muwaambie swali, nao watalipeleka kwa niaba yenu na kuwasomea majibu. Anzeni wiki hii.